Unaposhangilia, Umesema Nini?

Tarehe 13 Januari 1968, mwimbaji wa Marekani Johnny Cash aliingia katika gereza la Folsom, jimbo la California, akawaimbia wafungwa katika ukumbi wao wa chakula. Aliimba mara mbili siku hiyo, na kutokana na maonyesho hayo ikatolewa rekodi iliyopata umaarufu dunia nzima. Wimbo unaoifungua ni "Folsom Prison Blues". Msimulizi wake ni mfungwa anayekiri kwamba alimuua mtu bila sababu yoyote ila kutaka kutazama kifo chake. Maneno hayo yakimalizika tu, anayesikiliza rekodi anasikia ukelele wa furaha ukipanda kutoka kwa wafungwa.

Ukelele huo haukutoka kwao pale. Uliongezwa baadaye, rekodi ilipokuwa ikitengenezwa. Waliochunguza historia ya siku ile wanaeleza kwamba wafungwa walikuwa waangalifu na vifijo vyao, hasa mwimbaji alipoligusa gereza lenyewe, kwa kuwachelea walinzi waliowazunguka. Lakini mnunuzi wa rekodi aliyekaa sebuleni kwake alisikia kundi la wahalifu likifurahia mauaji, akaamini kwamba hivyo ndivyo walivyo.

Tangu wakati huo wimbo umerudiwa na bendi nyingi jukwaani, na mara nyingi mashabiki hupiga ukelele palepale, baada ya maneno yaleyale. Hawakufundishwa na mtu. Rekodi imewafundisha kwamba hapo ndipo pa kupiga kelele. Kwa hiyo bendi inapiga kopi ya wimbo, na wasikilizaji nao wanapiga kopi ya shangwe ambayo haikuwapo. Hata wimbo wenyewe ulikuwa na deni: Cash alichukua sehemu kubwa ya muziki na maneno kutoka kwa wimbo wa Gordon Jenkins wa mwaka 1953, na baadaye akamlipa fidia. Deni la wimbo lililipwa kwa fedha. La shangwe sijui lingelipwa kwa nini.

Ndugu msomaji, naleta habari hii kwa sababu ya mahali tunapoishi. Kutoka kampasi za Nakawa na Kyambogo hadi Luzira si mbali. Luzira wengi tunaijua kwa mambo mawili. La kwanza ni ufuko wa ziwa na bandari ya Port Bell, mahali pa kupumzika mwisho wa wiki. La pili ni gereza, tena gereza kuu la nchi. Uganda ina wapenzi wengi wa nyimbo za zamani za Marekani. Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton wamesikika katika redio zetu miaka na miaka. Basi tuseme bendi moja ya Kampala inaupiga wimbo huu wa Cash jioni ya Jumamosi huko chini ziwani, na vijana wa vyuo wanashangilia ule mstari wa mauaji, huku gereza likiwa nyuma yao. Swali langu ni hili: wanaposhangilia, wamesema nini? Na je, wataulizwa kwa walilolisema?

Jibu la haraka ni kwamba hawajasema kitu. Shangwe si neno, ni sauti tu. Tena ni sauti ya umati, si ya mtu. Lakini jibu hili halisimami. Mtu akikutukania mama yako mbele ya watu, na rafiki yako akapiga mluzi wa furaha, hutamwambia kwamba hajasema kitu. Utajua kabisa alilolisema. Mluzi huo umelitia nguvu tusi, umempa mtukanaji ujasiri, umekuacha peke yako. Sauti isiyo na maneno inaweza kuwa ushahidi, na ushahidi ni tendo.

Dini yetu imeliweka jambo hili wazi. Sura Qaf inatufundisha kwamba kila tunachokitamka kina anayekiandika. Sura al-Isra inatuonya kwamba masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Na Mtume (S.A.W.) ametuhadharisha na neno ambalo mja hulitamka bila kulitilia maanani, kumbe linamporomosha mbali sana. Nadhani hakuna maneno tunayoyatamka bila kuyatilia maanani kuliko yale tunayoyapiga makelele tukiwa katikati ya watu.

Kuna pingamizi la pili, na hili ni zito zaidi. Mtu atasema: huu ni wimbo, ni kisa cha kutungwa. Cash hakuwahi kutumikia kifungo gerezani. Alitunga wimbo huo akiwa askari wa jeshi la anga huko Ujerumani, baada ya kutazama filamu kuhusu gereza la Folsom. Hakuna aliyeuawa. Msikilizaji anashangilia ufundi, ule ujasiri wa kusema jambo la kutisha kwa sauti tulivu. Sisi wenyewe tunasimuliana hadithi za majambazi na majini, na hakuna anayemtuhumu msimulizi.

Pingamizi hili lina haki yake, nami siliangushi lote. Anayeshangilia hadithi hakuwa muuaji. Naongeza hata jambo la kuutetea wimbo: ukiusikiliza mpaka mwisho, muuaji yule hajisifu. Anasikia treni ikipita nje, anawaza watu huru waliomo ndani yake, anaumia. Anakubali kwamba anastahili kuwa pale alipo. Ni wimbo wa majuto. Na hapo ndipo ukelele unapoharibu. Aliyeshangilia mauaji hakuusikiliza wimbo. Ameuchukua mstari mmoja akaacha toba iliyoufuata. Kwa hiyo hoja kwamba anashangilia ufundi haiendi mbali, maana ufundi wa wimbo umo katika majuto, naye ameyapita bila kuyaona.

Isitoshe, kisa ni cha kutungwa lakini wafungwa si wa kutungwa. Ukelele ule ulioongezwa haukumhusu muuaji wa katika wimbo. Ulibandikwa vinywani mwa watu hai, waliokuwa wamekaa pale, wenye majina na kesi na mama zao. Uliwashuhudilia kwamba hufurahia damu. Huo ni ushahidi wa uongo. Tunajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyolitaja jambo hilo katika madhambi makubwa: alikuwa ameegemea, akaketi, akalikariri mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Huenda waliouongeza hawakuwaza hivyo. Walitaka tu rekodi ichangamke. Lakini uongo mwingi duniani umesemwa kwa kutaka kuchangamsha mambo.

Zaidi ya miaka 900 iliyopita, Imam Ghazali (Mwenyezi Mungu amrehemu) alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kuzungumzia usikilizaji na hali zinazompata msikilizaji. Najua wanazuoni wana hitilafu kubwa kuhusu ala za muziki. Wengi wamezikataza, wachache kama Ibn Hazm wamezihalalisha, na kila mmoja wetu ana shekhe wake wa kumfuata. Siingii huko. Ninachokitafuta kwa Ghazali ni mafunzo yake kuhusu anayesikiliza. Anaeleza kwamba sauti haiuumbi moyo upya. Inakitikisa kilichomo tayari. Wawili wanasikia beti zilezile, mmoja anakumbuka Akhera, mwingine anakumbuka matamanio yake. Wa kupimwa hapo ni msikilizaji.

Kisha anagusa jambo linalotuhusu moja kwa moja: mtu anayejifanya kuguswa. Wanazuoni waliita hali hiyo tawajudi, yaani kuonyesha msisimko ambao hujaupata. Ghazali anaigawa mara mbili. Ikiwa mtu anajilazimisha ili watu wamwone, hiyo ni riya na inalaumiwa. Ikiwa anajilazimisha ili moyo wake mgumu upate kulainika, kama anayejikaza alie anaposoma Qur'ani, hiyo ni njema, kwa sababu anautafuta ukweli. Anataja pia adabu ya kwenda pamoja: mwenzako akiguswa kweli akasimama, simama naye, usimwache mpweke.

Mizani hii inafaa sana kupimia ule ukelele wetu wa ziwani. Je, huyu kijana anajikaza ili moyo ulainike? Hapana, mstari anaoushangilia hauna cha kulainisha moyo. Je, anasimama na mwenzake aliyeguswa kweli? Hapana, kila mmoja anamwiga jirani yake, na jirani anaiga rekodi, na rekodi iliongezewa. Ukilifuata lile shina hadi mwisho, humkuti mtu hata mmoja aliyeguswa. Ni riya isiyo na mwenyewe.

Nasema jambo hili lina uzito kwa sababu mjini kwetu tumeuona umati usio na mwenyewe ukifanya makubwa kuliko kupiga miluzi. Kampala tunalijua neno "mubbi". Mtu mmoja analipaza sokoni au kituo cha teksi, wa pili analirudia bila kuona kitu, wa kumi ana jiwe mkononi. Baadaye ukiwauliza, kila mmoja atakuambia kwamba alipiga kelele tu. Na kweli, wengi wao walipiga kelele tu. Lakini yule aliyelala chini aliuawa na nini, kama si na kelele zile zilizomwambia mwenye jiwe kwamba yuko na wenzake? Sidai kwamba anayeshangilia wimbo atakuwa mpiga mawe kesho. Nadai kwamba koo ni lilelile, na mazoea ni yaleyale: kutoa sauti kwa sababu wengine wametoa, bila kuuliza juu ya nani.

Na Luzira wako wa kuulizwa juu yao. Gereza la Upper lilijengwa zama za wakoloni kwa ajili ya wafungwa mamia tu, na kwa miaka mingi limebeba maelfu. Katika magereza ya Uganda kwa jumla, kwa muda mrefu karibu nusu ya waliomo wamekuwa mahabusu, yaani watu ambao mahakama haijawatia hatiani. Tunapomchora mfungwa kichwani kama muuaji anayecheka, tumemhukumu hata huyu ambaye hakimu bado hajamsikiliza.

Mwezi Aprili 1999, watu 28 walinyongwa Luzira kwa siku moja. Wako walioona kwamba haki imetendeka, na huenda kwa baadhi ya kesi ndivyo. Sheria yetu ya Kiislamu nayo ina kisasi, na mimi si wa kuibishia. Lakini hata kisasi katika Uislamu kimezungukwa na ushahidi mgumu, na mlango wa msamaha umeachwa wazi kwa ndugu wa marehemu. Hakikuwekwa kiwe burudani. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake 417, ilithibitisha kwamba haiwi halali kumfunga hakimu mikono atoe hukumu ya kifo kwa lazima bila kuangalia hali ya kila mshtakiwa. Kigula mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliohukumiwa kifo, na alisomea sheria akiwa humo humo gerezani Luzira. Kesi ile ilidai kitu kimoja: kila mtu asikilizwe peke yake. Umati hauna uwezo huo, unasikia wote kwa pamoja na unajibu wote kwa pamoja.

Mtume (S.A.W.) alipopitishiwa jeneza alisimama. Akaambiwa kwamba ni jeneza la Myahudi. Jibu lake lilikuwa ni kuwauliza kama hiyo nayo si nafsi. Hapo tunaona mtu akipokea habari ya kifo cha asiye wa dini yake: hakupaza sauti, alisimama.

Ndugu zangu ambao hamkaribii kabisa muziki huenda mnasoma haya mkiwa na raha kwamba hayawahusu. Naomba msubiri. Shangwe haikai kwenye muziki peke yake. Iko kwenye kibanda cha kutazamia mpira, mchezaji wa timu pinzani anapovunjika mguu. Iko kwenye kampeni za uongozi wa wanafunzi. Mwezi Julai 2022 kampeni za Makerere zilimalizika kwa mwanafunzi kuchomwa kisu akafa, na kabla ya kisu siku zote hutangulia nyimbo na vifijo vya makundi. Na iko kwetu, katika mihadhara yetu. Msemaji anamkejeli shekhe wa upande mwingine, anatoa neno kali lisilo na dalili, mmoja anapaza "Takbir!", na sote tunaitikia. Tumelitaja Jina tukufu kuliko yote ili kutia muhuri tusi. Yule wa ziwani aliidhinisha mauaji ya kubuni kwa mluzi. Sisi tumeidhinisha kumvunjia heshima Muislamu aliye hai, kwa takbira. Mwenye kupima apime ipi nzito.

Kuna kisa kingine cha siku ileile ya Folsom ambacho kinanifundisha kwamba hata shangwe ya kweli haitoshi. Mfungwa mmoja, Glen Sherley, alikuwa ametunga wimbo kuhusu kanisa la gereza, "Greystone Chapel". Kanda yake ilimfikia Cash usiku wa kuamkia maonyesho. Cash akajifunza wimbo huo, akauimba siku ya pili mbele ya Sherley mwenyewe, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele bila kutarajia. Shangwe iliyopigwa hapo haikuhitaji kuongezwa. Cash alimsaidia hadi akaachiliwa mwaka 1971, akamchukua katika kundi lake, akasimama majukwaani. Lakini maisha ya nje yalimshinda. Akaondolewa katika kundi, na mwaka 1978 akajiua.

Simlaumu Cash, maana alifanya zaidi ya wengi wetu. Nataka tuone tu tofauti iliyopo kati ya kumshangilia mtu na kumbeba. Shangwe inakwisha na wimbo. Kumbeba mtu aliyetoka gerezani ni kazi ya miaka: nani atampa chumba, nani atampa kazi, nani atakaa naye usiku ukumbi ukiwa mtupu. Maelfu walimshangilia Sherley, na sauti zao zilikuwa za kweli. Hazikumbeba.

Basi tufanye nini? Sina fatwa ya kutoa, na hii si kazi yangu. Nina adabu tatu tu ambazo mwanafunzi yeyote anaweza kuzijaribu wiki hii.

Ya kwanza ni kusikia kabla ya kuitikia. Ulimi una kasi kuliko sikio, na umati una kasi kuliko vyote viwili. Pumzi moja kati ya neno na ukelele inatosha kuuliza: limesemwa nini, na juu ya nani?

Ya pili ni kutoona haya kunyamaza. Wale wafungwa wa Folsom walijizuia kwa kuwaogopa walinzi. Sisi tunao wawili wasiolala, kulia na kushoto, na ni wastahiki zaidi wa kuonewa haya. Mwanafunzi anayekaa kimya wenzake wanapoitikia tusi atatazamwa vibaya. Avumilie. Katika umati, mtu mmoja aliyenyamaza ndiye ushahidi pekee kwamba wengine nao wangeweza.

Ya tatu ni kuifanya sauti yetu igharimu kitu. Sura al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, na chakula chenyewe wanakipenda. Mfungwa ametajwa kwa jina lake, na hakuna sharti la kwamba awe hana hatia. Tunao miongoni mwetu wanaosoma sheria, uhasibu, ualimu, uuguzi. Luzira kuna mahabusu asiyejua tarehe ya kesi yake, na kuna anayetoka mwezi ujao asiye na pa kwenda. Jumuiya yetu ikiamua kuwajua watu hao kwa majina, hata wanne au watano tu kwa mwaka, na kumfuata kila mmoja hadi asimame, itakuwa imefanya jambo ambalo ukumbi mzima uliojaa vifijo haukuliweza.

Anayefanya hivyo, siku akisikia wimbo wa mfungwa unapigwa mahali, hatahitaji kuangalia jirani yake anafanya nini. Atakuwa na mtu wa kumkumbuka.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na azilainishe nyoyo zetu. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.